Prieklampsia: kabla ya kuihukumu dawa, kagua kipimo

Ukitaka kujua kama jaribio fulani la dawa ya prieklampsia, ugonjwa wa presha ya juu unaozuka katika ujauzito, linaaminika, usianze na jedwali la matokeo. Nenda kwenye maelezo ya mbinu, utafute mistari michache inayosema presha ilipimwaje: kwa mashine gani, kwa kafu (mkanda unaofungwa mkononi na kujazwa hewa) ya ukubwa gani, mama akiwa amekaa au amelala, mara ngapi. Mistari hiyo ikikosekana, mimi husoma yaliyobaki kwa tahadhari kubwa. Ugonjwa huu hauna kimelea cha kuonekana kwenye darubini. Tunautambua kwa namba. Namba ikikosewa, mgonjwa huandikwa mzima na mzima huandikwa mgonjwa, na hakuna hesabu ya baadaye itakayolinusuru jaribio hilo.

Mpaka unaotumika ni 140/90 mmHg, ama ya juu au ya chini ikifikiwa, mara mbili, kwa kupishana saa nne au zaidi, baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, kwa mama ambaye kabla ya hapo presha yake ilikuwa ya kawaida. Ikifika 160/110 hakuna kusubiri saa nne: unarudia ndani ya dakika chache, ukiikuta palepale unatibu. Presha peke yake, bila jambo jingine, inaitwa presha ya ujauzito. Inakuwa prieklampsia ikiandamana na protini kwenye mkojo au na dalili kwamba viungo vimeguswa: chembe sahani (zinazogandisha damu) chini ya 100,000 kwa mikrolita, kreatinini (taka inayochujwa na figo) zaidi ya 1.1 mg/dL, vimeng'enya vya ini kupanda mara mbili ya kawaida, maji kwenye mapafu, kichwa kuuma kusikotulizwa na dawa, au macho kuona vimulimuli na ukungu. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliondoa sharti la protini, na wataalamu wengine wa dunia wakafuata mkondo huohuo. Ndiyo maana tafiti za kabla na za baada ya hapo hazihesabu kina mama walewale, hata zinapotumia jina moja la ugonjwa. Anayezijumlisha bila kulitazama hilo anachanganya mizani mbili.

Sasa kafu, ambako makosa mengi huanzia. Mfuko wa hewa ulio ndani ya kafu unatakiwa uzunguke angalau asilimia 80 ya mzingo wa mkono. Kafu ya kawaida kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu kuliko ilivyo, kwa sababu inabidi hewa ijazwe zaidi ili mshipa ubanwe. Kwa hiyo kila kituo cha utafiti kiwe na futi ya kupimia: mkono upimwe katikati, kati ya bega na kiwiko, na ukizidi sentimita 33 itumike kafu kubwa. Ukubwa uliotumika uandikwe kwenye fomu, ili mahudhurio yanayofuata yatumie uleule. Bila hivyo mama atapimwa kwa kafu ndogo leo na kubwa mwezi ujao, kisha mtafiti aseme dawa imemshusha.

Mama akojoe kwanza, akae dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, miguu haikupishanishwa, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Yeye asizungumze, na anayempima pia anyamaze. Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni la wodini: mama amelala kwa ubavu wa kushoto na kafu imefungwa mkono wa kulia, ulioinuka juu ya moyo. Kila sentimita 10 za kuinuka hupunguza takriban mmHg 8. Mkono ukiinuka sentimita 20, presha ya 158 inasomeka 142, na mama aliyekaribia hatari anaandikwa kuwa nafuu.

Anayetumia stetoskopu ashushe hewa polepole, mmHg 2 kwa sekunde, na presha ya chini aichukue sauti inapopotea kabisa, yaani hatua ya tano. Zamani wengi walichukua hatua ya nne, sauti inapofifia, hivyo ukisoma tafiti za miaka hiyo kumbuka kwamba presha ya chini ilirekodiwa ikiwa juu kidogo kuliko tunavyorekodi leo. Halafu tazama tarakimu za mwisho. Ukikuta kwenye kitabu cha takwimu 120, 130, 140 zimejaa na 124 au 136 hazionekani, wapimaji wanakadiria. Kwa ugonjwa unaoamuliwa na mstari wa 140, kukadiria hadi kumi iliyo karibu kunahamisha watu wengi toka upande mmoja hadi mwingine.

Mashine ya kidijitali huondoa tatizo hilo lakini huleta lake. Nyingi hukokotoa presha kwa fomula iliyotungwa kutokana na watu wasio wajawazito, na kwa mama mwenye prieklampsia, ambaye kuta za mishipa na maji ya mwili vimebadilika, husoma chini ya ukweli. Haitoshi mashine kuwa imethibitishwa kwa watu wazima. Iwe imethibitishwa kwa wajawazito, na mahususi kwa wenye prieklampsia. Hili ningelitaka liwe sharti la kila kamati ya maadili inayopitia pendekezo la utafiti wa aina hii.

Mkojo una mitego yake. Kijiti cha kuchovya hupima ukolezi, si kiasi cha protini kinachotoka kwa siku. Mama aliyekunywa maji mengi atatoa mkojo mwepesi na kijiti kitasema hakuna. Aliyepungukiwa maji atatoa mkojo mzito na kijiti kitasema ipo. Ute wa ukeni, damu au maji ya uzazi yakichanganyika, jibu halifai. Chukua mkojo wa katikati, na kijiti kisomwe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo lake, kwa kawaida sekunde 60, kwenye mwanga wa kutosha. Kusoma baada ya dakika tatu ni kusoma rangi iliyoendelea kukolea. Jibu likiwa chanya lithibitishwe kwa uwiano wa protini na kreatinini: 30 mg kwa mmol, ambayo ni karibu sawa na 0.3 zote mbili zikipimwa kwa miligramu. Mkojo wa saa 24, wenye mpaka wa miligramu 300, umeheshimiwa kwa miaka mingi, lakini ukweli ni kwamba mara nyingi haukusanywi sawasawa: mama anasahau kuumwaga ule wa kwanza wa asubuhi, au mmoja wa usiku unapotea. Uwiano kwenye sampuli moja iliyochukuliwa vizuri naupendelea kuliko ndoo ya siku nzima yenye pengo.

Kipimo cha tatu, na hiki husahaulika, ni umri wa mimba. Wiki ya 20 ndiyo ukuta kati ya presha ya zamani na presha iliyoletwa na mimba. Mama akihesabiwa kwa kukumbuka hedhi tu, kosa la wiki tatu linaweza kumvusha ukuta huo. Ultrasaundi ya kabla ya wiki ya 14, inayopima urefu wa kijusi toka utosi hadi matakoni, ndiyo ya kutegemea. Lakini hata tarehe ikiwa sahihi, kuna jambo linaloficha ukweli: presha ya mjamzito hushuka yenyewe katikati ya ujauzito. Mwenye presha ya siku nyingi akija kliniki kwa mara ya kwanza wiki ya 18 anaweza kusoma 126/78. Wiki ya 32 inapanda hadi 146/94 na anaandikwa kuwa na presha mpya, kumbe ni ile ya zamani imerudi. Dawa ya kuzuia prieklampsia haiwezi kuzuia presha iliyokuwapo kabla ya mimba, na kadiri kina mama wa namna hiyo wanavyokuwa wengi ndani ya jaribio, ndivyo dawa nzuri inavyoonekana dhaifu. Dawa ya tatizo hili ni mbili: andikisha mapema, ikiwezekana kabla ya wiki ya 14, na mpime tena mama wiki 12 baada ya kujifungua. Presha isiyoshuka kufikia hapo ilikuwa ya kwake.

Aspirini na suala la lini

Historia ya aspirini ndiyo mfano bora wa jinsi swali moja linavyopata majibu mawili. Mwaka 1994 yalitolewa matokeo ya jaribio la CLASP: kina mama 9,364, aspirini miligramu 60 kwa siku au plasebo (kidonge kisicho na dawa), wakiandikishwa kati ya wiki ya 12 na ya 32. Prieklampsia ilipungua kwa asilimia 12 tu, tofauti ambayo ingeweza kuwa ya bahati. Wengi wakaiweka aspirini kando. Mwaka 2017 likaja ASPRE: miligramu 150, kila usiku, kuanzia wiki ya 11 hadi 14 na kuachwa wiki ya 36, kwa kina mama waliochujwa kwanza kwa historia yao, presha, mtiririko wa damu kwenye mishipa ya mji wa mimba na protini za damu za kondo. Prieklampsia ya kabla ya wiki ya 37 ilikuwa asilimia 1.6 kwenye kundi la aspirini na 4.3 kwenye plasebo.

Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni wakati, kiasi na aliyepewa. Katika wiki za mwanzo chembe za kondo huingia kwenye mishipa inayojisokota ya mji wa mimba na kuipanua iwe mirija mipana, laini, inayopitisha damu nyingi kwa msukumo mdogo. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa huwa imekwisha kufikia wiki ya 20. Ikishindikana, mishipa hubaki myembamba, kondo hupata damu kwa shida, nalo humwaga ndani ya damu ya mama protini iitwayo sFlt-1, inayofunga na kuzima PlGF na viini vingine vinavyotunza kuta za mishipa. Kazi ya Maynard na Karumanchi ya mwaka 2003 ilionyesha kwamba panya wajawazito wakiongezewa sFlt-1 hupata presha, protini kwenye mkojo na figo zilizoharibika kama za mgonjwa. Mtu anayeanza aspirini wiki ya 28 anataka kurekebisha msingi wakati nyumba imeshaezekwa.

Angalizo mbili kuhusu ASPRE. Kwanza, haikupunguza kwa namna inayoonekana prieklampsia ya wiki ya 37 na kuendelea. Pengine dawa huichelewesha kwa baadhi: aliyekuwa augue wiki ya 34 anaugua ya 38, na kwa mtoto wiki hizo nne ni kubwa mno. Pili ni umezaji wa vidonge. Waliomeza asilimia 90 au zaidi walionekana kunufaika zaidi kuliko waliomeza pungufu. Hilo lisomwe kwa uangalifu, maana kumeza au kutomeza hakukugawanywa kwa nasibu, lakini linatosha kumlazimu mtafiti ahesabu vidonge vilivyorudishwa kila hudhurio badala ya kumuuliza mama tu kama anakunywa dawa.

Kalisiamu, inayotolewa pia kuzuia prieklampsia, nayo iligeuka. Kwa miaka mingi ushauri wa WHO kwa maeneo ambako chakula kina kalisiamu kidogo umekuwa gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, yaani vidonge vikubwa vitatu au zaidi, na wengi huviacha. Mwaka 2024 majaribio mawili, moja India na jingine Tanzania, kila moja likiwa na kina mama 11,000 wa mimba ya kwanza, yalilinganisha miligramu 500 na 1,500. Prieklampsia ilikuwa asilimia 3.0 kwa 3.6 India, na 3.0 kwa 2.7 Tanzania, kiasi kidogo hakikuwa duni. Kwa watoto njiti jibu halikufanana: India kiasi kidogo kilitosha, ila kwa Tanzania takwimu hazikuweza kuondoa uwezekano kwamba kingi ni bora. Ndiyo sababu napenda jaribio linalorudiwa mahali pawili kwa itifaki moja.

Vitamini C na E zinastahili kutajwa kwa sababu bado kuna wanaozinunua. Jaribio la VIP la mwaka 2006, kwa kina mama 2,410, halikukuta kinga yoyote, na watoto wa uzito mdogo walikuwa wengi zaidi kwenye kundi la vitamini.

Magnesiamu salfeti

Hapa utafiti uliokoa maisha bila utata. Jaribio la 1995 lililolinganisha dawa kwa kina mama waliokwisha pata kifafa cha mimba lilionyesha kwamba kwa waliopewa magnesiamu kifafa kilijirudia kwa asilimia 52 pungufu kuliko kwa diazepamu, na asilimia 67 pungufu kuliko kwa fenitoini. Kisha jaribio la Magpie, 2002, kina mama 10,141 katika nchi 33, wenye prieklampsia lakini bado hawajapata kifafa: 0.8 kwa mia walipata kifafa kwenye magnesiamu, 1.9 kwenye plasebo. Ni wanawake 11 waliokingwa katika kila 1,000. Karibu robo ya waliopewa dawa walipata madhara, hasa joto kali la ghafla usoni na mwilini, dhidi ya asilimia 5 ya wengine. Kumbuka hapo kwamba joto hilo humfichua aliyepewa dawa. Ndiyo maana ni vizuri matokeo yawe kitu kigumu kama kifafa chenyewe au kifo, visivyotegemea maoni ya mtazamaji.

Katika jaribio au wodini, makosa ya magnesiamu huwa ya hesabu. Ya asilimia 50 ina gramu 0.5 kwa kila mililita. Gramu 4 za kuanzia ni mililita 8 za dawa hiyo pamoja na mililita 12 za maji safi ya sindano, jumla 20, zenye nguvu ya asilimia 20, zikipigwa mshipani polepole kwa dakika 5 hadi 20. Kwa utaratibu wa sindano za msuli hufuata gramu 5 kila tako, yaani mililita 10 za asilimia 50 zikichanganywa na mililita 1 ya lignokaini ya asilimia 2, kisha gramu 5 kila saa nne kwa kupokezana pande. Kwa utaratibu wa mshipa ni gramu 1 kwa saa. Vyote huendelea hadi saa 24 baada ya kujifungua au baada ya kifafa cha mwisho, kutegemea lipi limekuja baadaye. Chupa za dawa hii hutofautiana nguvu, na anayefikiri ameshika ya asilimia 20 kumbe ni ya 50 atampa mama zaidi ya mara mbili ya kiasi. Mtu wa pili asome lebo kwa sauti kabla ya kuchanganya.

Figo ndizo zinazoitoa. Kwa hiyo kabla ya kila sindano ya kuendeleza: apumue angalau mara 16 kwa dakika, goti lijibu linapogongwa, na mkojo uwe angalau mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Kimojawapo kikikosekana, sindano isubiri. Goti hunyamaza kabla ya pumzi kusimama, na hiyo ndiyo nafasi yako ya kuokoa. Pumzi ikizorota, toa kalisiamu glukoneti gramu 1, ambayo ni mililita 10 za asilimia 10, mshipani polepole. Chupa hiyo ikae kando ya kitanda, si kwenye kabati lililofungwa.

Kushusha presha, na lini kuzalisha

Hofu ya zamani ilikuwa kwamba kushusha presha kutamnyima mtoto damu. Jaribio la CHIPS, 2015, kwa kina mama 987, lililenga presha ya chini (namba ya pili) iwe 85 au 100. Hali ya watoto haikutofautiana, ila presha kali ilitokea kwa asilimia 27.5 ya waliobanwa na 40.6 ya walioachiwa. CHAP, 2022, kwa kina mama 2,408 wenye presha ya tangu zamani, lilitibu kwa lengo la chini ya 140/90: mjumuisho wa madhara makubwa ulikuwa asilimia 30.2 dhidi ya 37.0, bila ongezeko la watoto wadogo. Na kwa presha kali, jaribio la India la 2019 lililinganisha vidonge pekee: nifedipini, labetaloli na metildopa. Vyote vilifanya kazi, na nifedipini ilifikisha lengo kwa wengi zaidi, asilimia 84. Kwa kituo kisicho na dawa za mshipa hilo ni jambo zito sana.

Ugumu wa kipekee wa utafiti huu ni kwamba kuzalisha ni tiba na papo hapo ni tokeo linalohesabiwa. Daktari anayejua mama yuko kundi gani anaweza kumzalisha mapema au kuchelewa, na jedwali likabadilika bila dawa kufanya lolote. PHOENIX la 2019 lilieleza gharama hiyo waziwazi: kati ya wiki ya 34 na 37, kupanga kuzalisha kulipunguza madhara kwa mama toka asilimia 75 hadi 65, lakini kuliongeza watoto waliolazwa kitengo cha wachanga toka 34 hadi 42. Ukiliona jaribio linalotangaza upande mmoja tu wa mizani hiyo, tafuta upande wa pili kabla hujabadili utaratibu wa wodi.

Vipimo vya damu vya sFlt-1 na PlGF vimefupisha mashaka. Uwiano wa 38 au chini, kwa mama anayeshukiwa, unaondoa prieklampsia kwa wiki moja ijayo kwa uhakika wa asilimia 99.3. Lakini ukizidi 38, ni asilimia 36.7 tu walioupata ugonjwa ndani ya wiki nne. Kipimo hiki kizuri ni cha kumruhusu mama arudi nyumbani. Si hati ya kumzalisha.

Mwisho ni ukubwa wa jaribio. Ikiwa asilimia 4 ya kundi lako wataugua na unatumaini kupunguza hadi 2, kwa nguvu (uwezekano wa kuigundua tofauti hiyo) ya asilimia 80 unahitaji karibu kina mama 1,140 kila upande; ukitarajia kumpoteza mmoja kati ya kumi, andikisha takriban 2,530 kwa jumla. Jaribio la watu 200 linaloripoti kwamba dawa haifanyi kazi halijasema chochote. Na usifunge daftari siku ya kuruhusiwa. Presha hupanda tena siku ya 3 hadi ya 6 baada ya kujifungua, na kifafa kinaweza kuja wakati mama ameshafika kwake. Bajeti iwe na nauli ya kumfuata, simu ya siku ya 3, kipimo cha presha ndani ya wiki ya kwanza, na kile cha wiki ya 12.